Huli Ngano? Hivi Ndivyo Utajieleza Kwa Hoteli Yenye Hawaelewi Lugha Yako

Kukataa chapo huku kwetu tayari ni noma. Unaambia mathe huwezi kula, anakuangalia kama umekataa jina la ukoo. Sasa jiweke Guangzhou. Umetua jana kununua mzigo wa viatu, njaa inakumaliza, ngeli ya weita inaishia kwa salamu, na kila picha kwa menyu ni tambi. Unasema "no gluten" mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, analeta tambi.

Si ujeuri. Neno gluteni halijulikani jikoni kwa sehemu kubwa ya dunia. Hata hapa Nai ukiuliza mama wa kibanda kama msosi wake uko na gluteni, atakuambia hiyo hauzi.

Kwa hivyo hapa chini nimeweka maneno yenyewe, lugha kwa lugha, kwa zile sehemu Wakenya huenda sana ama hula sana: China, Uturuki, Ghuba, Italia, halafu hoteli za Wahabeshi, Wasomali na Wahindi za hapa hapa mtaani. Piga skrinshoti, siku moja utaitafuta.

Kwanza tuelewane, hii si mambo ya kupunguza kitambi

Gluteni ni protini iko ndani ya ngano, shayiri na ile nafaka ya Ulaya inaitwa rai. Ndiyo hufanya unga ushikane na chapo ivutike. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni ikiingia, kinga ya mwili inageuka na kushambulia utumbo mdogo wa mwenyewe. Utumbo ukiharibika, chakula hakifyonzwi vizuri: tumbo kufura, kuhara, uchovu usioisha, damu kupungua, mifupa kuwa dhaifu. Hakuna tembe ya kuponya. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote. Inakadiriwa ni kama mtu 1 kati ya 100 duniani, na wengi wao hawajijui.

Daktari mmoja Mholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye alifanya dunia iamini ni ngano. Alikuwa ameshuku kitambo. Halafu msimu wa baridi wa 1944 kuingia 1945, vita ikakausha mkate Uholanzi, na watoto wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza kuugua tena. Cheki hiyo: nchi nzima inalia njaa, na hao watoto ndio wanapona.

Alaji ya ngano, mzio kama watu wa TV wanavyoita, ni kitu kingine kabisa. Hiyo inaweza kukufura midomo na kukukata pumzi ndani ya dakika, na inaweza kuua. Kama ndiyo yako na daktari alikupa sindano ya adrenalini, hiyo sindano iko mfukoni kabla hata ya kufungua menyu. Kuna pia wasee ambao ngano huwasumbua tu, bila siliaki wala alaji.

Kama bado hujapimwa na unajishuku, usiache ngano kabla ya kwenda hosi. Kipimo cha damu cha siliaki kinataka uwe bado unaila, la sivyo majibu yanaweza kutoka safi na wewe ni mgonjwa.

Kwa mtu wa siliaki hata makombo ni shida. Kiwango cha kimataifa cha kuita chakula "bila gluteni" ni isizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Ni kidogo sana. Chips zilizokaangwa kwa mafuta ya samosa zinatosha kukuharibia wiki. Ndio maana kujieleza nusu nusu haisaidii.

Wacha neno gluteni, taja vitu

Mpishi hajui protini. Anajua unga, sosi na sufuria. Ongea na hivyo vitatu.

Ujumbe wako useme huwezi kula ngano, shayiri na rai, kwa majina ya hiyo lugha. Useme ukikula unaugua, juu bila hiyo sehemu anadhani ni mapendeleo, kama mtu asiyependa vitunguu. Utaje vile vitu vya nchi hiyo vyenye ngano imejificha ndani, na hapa ndipo watu wengi huchomeka. Halafu uombe chombo kisafi.

Andika yote kwa karatasi, herufi kubwa, kwa maandishi ya wenyewe. Si simu peke yake. Simu yako haiingii jikoni, karatasi inaingia. Weita akibeba ujumbe kichwani, ukifika kwa jiko umekuwa "yule mgeni hataki mkate". Chapisha kama tano hivi, maana moja italoa supu na nyingine mpishi atabaki nayo.

Ukitumia apu ya kutafsiri, andika sentensi fupi bila Sheng na bila utani. Kisha chukua jibu, ligeuze lirudi kwa lugha yako uone kama maana imebaki. Ukiweza kupata mtu anayeongea hiyo lugha aisome kabla hujasafiri, afadhali zaidi.

China: adui ni chupa nyeusi

Hapa nitakaa kidogo, juu ndio ngumu kuliko zote.

Watu wanadhani China ni wali, kwa hivyo wako salama. Wali uko salama. Shida ni sosi ya soya. Jina linasema soya, lakini ile ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja, na inaingia karibu kila kitu: nyama, mboga, mayai, hata ile nyama iliyolowekwa jana usiku. Sosi ya chaza nayo mara nyingi iko na ngano. Siki nyeusi pia inaweza kuwa imetengenezwa na pumba za ngano. Kwa hivyo unaweza kukataa tambi, ukajiona umechanuka, halafu ukamaliza sahani nzima ya kuku mwenye ngano.

Mpishi wa huko akisikia "ngano" anafikiria unga na tambi. Hafikirii chupa. Lazima umtajie chupa. Karatasi yako iseme:

我不能吃小麦、大麦、黑麦。吃了会生病。请不要放酱油、蚝油、面粉。请先把锅洗干净。

Maana yake: siwezi kula ngano, shayiri na rai. Nikila naugua. Tafadhali usiweke sosi ya soya, sosi ya chaza wala unga wa ngano. Tafadhali osha karai kwanza. Hiyo ya karai usiiondoe. Karai lao moja linapika oda baada ya oda, na sosi inabaki imeshikilia.

Ukitaka kutamka, ngano ni "xiaomai", sema kama "shiao-mai". Sosi ya soya ni "jiangyou", karibu na "jiang-yo". Lakini Kichina ni lugha ya toni, ukipandisha sauti pahali si pake unasema kitu kingine. Onyesha karatasi.

Cha kuagiza: wali mweupe, samaki wa mvuke bila sosi, mayai na nyanya ya chumvi tu, mboga za kitunguu saumu na chumvi. Tambi za mchele zipo, zinaitwa "mifen", na zenyewe ni sawa, ila supu yake uliza. Msosi wako utakuwa mweupe kiasi. Beba pilipili yako.

Kitu ingine, Google haifunguki huko. Kama unategemea apu yake, pakua lugha ya Kichina ya kutumia bila intaneti ukiwa bado Nairobi.

Istanbul: wali wenye mtego

Wafanyabiashara wa nguo wanaijua Istanbul kama Eastleigh. Msosi ni mtamu, nyama choma kila kona, na unaweza kudishi fiti. Mtego ni wali. Waturuki hupenda kupika wali na vipande vidogo vya tambi ndani, vinaitwa "şehriye", na kuna aina nyingine iko na umbo la mbegu kabisa, inafanana na mchele. Hutaiona. Supu ya dengu nayo wakati mwingine hufanywa nzito na unga. Na "bulgur", ambayo inakaa kama wali wa kahawia, ni ngano iliyovunjwa.

Karatasi ya Kituruki:

Çölyak hastasıyım. Buğday, arpa ve çavdar yiyemem. Un, bulgur, irmik ve şehriye bana dokunur.

Yaani: mimi ni mgonjwa wa siliaki, siwezi kula ngano, shayiri na rai, unga, bulgur, semolina na zile tambi hunidhuru. Ngano inatamkwa "buudai". Kebab ya kijitini iko poa, lakini uliza kama ile ya kusaga imechanganywa na mkate, na omba wasikuwekee juu ya mkate. Waturuki hupenda kuweka nyama juu ya mkate kama mapambo, halafu ukilalamika wanautoa mkate na kukurudishia nyama ile ile.

Ghuba: mpishi si Mwarabu

Maelfu ya Wakenya wanapiga kazi Doha, Dubai, Riyadh na Muscat, na wengi wanakula jikoni ya kampuni ama nyumbani kwa bosi. Kiarabu ni rahisi kwetu kuliko tunavyofikiria. Shayiri yetu imetoka kwa "sha'ir" yao. Ngano ni "qamh", unga ni "tahin". Tena Waarabu wengi huita siliaki "hasasiya ya qamh", alaji ya ngano, kwa hivyo ukisema hivi unaeleweka haraka:

عندي حساسية من القمح والشعير. لا أستطيع أكل الخبز ولا الطحين ولا البرغل.

Kusoma: indi hasasiya min al-qamh wash-sha'ir, la astati' akl al-khubz wala at-tahin wala al-burghul. Huwezi kula mkate, unga wala bulgur.

Mtu wa Pwani hapa anaanza akiwa mbele. "Harees" ya Ramadhani ni ndugu ya boko boko, ngano na nyama. "Luqaimat" ni kaimati. Ukijua moja unajua ya kuhepa. Wali wa nyama, "machboos" ama "kabsa", kwa kawaida uko sawa, ila uliza kuhusu vidonge vya supu.

Lakini Qatar na Emirati wageni ni wengi kuliko wenyeji, na aliyeshika mwiko mara nyingi ametoka India, Nepal, Bangladesh ama Ufilipino. Karatasi ya Kiarabu inaweza kufika jikoni isipate msomaji. Beba na ya Kihindi, kwa herufi zetu: "Mujhe gehun se allergy hai. Atta, maida, suji nahin." Mtu wa Urdu naye ataielewa ukimsomea. Kwa Mfilipino, ngano ni "trigo", na wengi wao ngeli wanaimwaga vizuri kuliko sisi.

Kama unaishi kwa bosi, mambo yanabadilika kidogo. Pale huagizi, unapewa. Hiyo stori itoe kabla ya kusaini mkataba, kwa ajenti, na iwe kwa maandishi pamoja na barua ya daktari. Ukingoja ufike, utaonekana unachagua chakula, na dem ako peke yake ugenini hana nguvu ya kubishana kuhusu mkate.

Italia, penye utashangaa

Nchi ya pasta na pizza ndiyo rahisi zaidi kwenye hii orodha. Waitaliano wanaijua siliaki. Kuna sheria ya 2005 inayowalinda wagonjwa, serikali huwapa msaada wa kila mwezi wa kununua chakula chao, na chama chao cha AIC, kilichoanza 1979, kina mtandao wa hoteli ambazo wahudumu wamefunzwa. Mwanaume anasema "sono celiaco", mwanamke "sono celiaca", tamka "cheliako" na "cheliaka". Ongeza "senza glutine". Hapa ndipo neno gluteni linafanya kazi.

Bado uliza kama pasta yako inachemshwa kwa maji yake peke yake. "Gnocchi" zinaonekana za viazi lakini ziko na unga. "Farro" ni ngano, "orzo" ni shayiri. "Polenta" ni ugali, kula ufurahi. Na ukienda zile sehemu za Malindi penye Waitaliano wamekaa miaka, jaribu sentensi hiyo hiyo kwa mwenye hoteli. Weita wa hapo huenda anaijua pia.

Kwa Ulaya yote ya EU, tangu Desemba 2014 hoteli lazima ikuambie kama chakula kina vitu 14 vinavyoleta alaji, na nafaka zenye gluteni ni mojawapo. Una haki ya kuuliza, usione haya. Kwa Kifaransa, ambacho kitakusaidia pia Bujumbura ama Kinshasa: "Je suis cœliaque. Pas de blé, pas d'orge, pas de seigle, pas de farine." Ukiona "blé noir" kwa menyu usitoroke. Tafsiri yake ni ngano nyeusi, lakini si ngano hata kidogo. Uliza tu kama wamechanganya na unga wa kawaida.

Hapa Nai: injera mbili tofauti

Wasee wengi wa siliaki hukimbilia hoteli za Wahabeshi kwa sababu wamesikia injera ni ya tef, na tef haina gluteni. Ni kweli. Lakini tef ni ghali, na nje ya Ethiopia injera nyingi huchanganywa na unga wa ngano ama shayiri. Uliza: "Injeraw yetef bicha new?" Injera ni ya tef peke yake? Kwa maandishi: እንጀራው የጤፍ ብቻ ነው? Ngano ni "sinde", shayiri ni "gebs". ስንዴ እና ገብስ አልበላም, "sinde ena gebs albelam", ndio kusema sili ngano na shayiri. Wakikuletea "kolo" za kutafuna, mara nyingi hizo ni shayiri ya kukaanga.

Ukivuka uingie kwa hoteli ya Wasomali hapo Eastleigh, utaona kitu kinafanana, kinaitwa "canjeero" ama anjera. Si ile. Hiyo kwa kawaida ni unga wa ngano. Sema "qamadi ma cuno", sili ngano, hiyo c usiitamke kama yetu, inatoka kooni, karibu na "uno". Bariis na nyama ya mbuzi itakutosha, bora wasichanganye na baasto.

Parklands weita ni Mkenya kama wewe, lakini mpishi anaweza kuwa ametoka Gujarat, na huko ngano ni "ghau". Unga wa dengu ni sawa, dosa ya kawaida ni mchele na dengu, "rava dosa" si sawa kwa sababu ni suji. Kitu ambacho hata Wahindi wengine husahau ni "hing", yale manukato ya unga wanayotia kwa dengu. Hing ya pakiti mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano. Uliza pakiti, isome.

Jihadhari na "hakuna shida"

Weita anayejibu haraka ndiye wa kuogopa. Kila mahali kuna "hakuna shida" yao, na mara nyingi maana yake ni sijaelewa lakini sitaki kukuaibisha. Usiulize swali la ndiyo ama la. Ukiuliza "hii haina ngano, sindio?" umeshampa jibu. Uliza "mnaweka nini ndani?" na umuache aongee. Omba kuona chupa ama pakiti. Enda mapema kabla hoteli haijajaa, mpishi awe na dakika ya kusoma karatasi yako. Kama anarudi na swali, kama vile "na wanga ya mahindi je?", huyo ameelewa, kaa chini. Wanga ya mahindi ni sawa, mwambie aendelee.

Na akikuambia wazi hawawezi kukupikia salama, shukuru, toka. Huyo amekusaidia kuliko kumi waliosema hakuna shida.

Tei pia ni msosi kwenye hii stori. Biya ya kawaida ni shayiri, haijalishi iko kwa lugha gani. Mvinyo uko sawa.

Kwa ndege, mwambie anayekukatia tiketi aweke GFML, ndio kodi ya kimataifa ya mlo bila gluteni, na uthibitishe siku mbili kabla ya safari. Hata hivyo beba njugu, ndizi na mahindi ya kukaanga, na trei ikifika na mkate pembeni, uliza kabla ya kuufungua.